Saa ya Ukutani

Senene hawajui mpaka. Mwezi wa Novemba, upande wa Bukoba wanauzwa kwenye vikombe vya plastiki, wamekaangwa kwa chumvi na kitunguu; ukishavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula wanauzwa vilevile, ila Waganda wameliongezea jina herufi moja mbele: nsenene. Mama mmoja aliyeketi kando yangu ndani ya basi alinunua vikombe viwili pale Kyotera, akaniwekea kimoja kiganjani bila kuuliza kama ninakula. Sisi watu wa Tanga senene hatuwajui. Nikala. Utamu wao ni kama wa dagaa waliokaangwa wakakauka. Nilipomaliza, yule mama alinishika mkono, akanipangusa mafuta kwa kitambaa chake, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemsafisha mtoto wake. Hatukuwa na lugha moja hata kidogo, na hakuna aliyeona upungufu.

Barabara ile kutoka Mutukula hadi Kampala ina kumbukumbu za nchi mbili. Ni njia waliyopita askari wa Tanzania mwaka 1979 wakielekea kumwondoa Idi Amin. Pale Lukaya, ambako leo vijana wanalikimbilia basi na mishikaki na gonja, ile ndizi tamu inayochomwa mpaka igeuke rangi ya asali, mwezi Machi mwaka ule yalipiganwa mapigano makali kandokando ya mabwawa ya mafunjo. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Baba yangu mdogo alipita hapa kwa miguu. Mimi nilipita nimeketi dirishani, nikiangalia mafunjo yakiinama kwa upepo, kisha mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha ngoma zilizopangwa kando ya njia pale Mpambire, kubwa kwa ndogo.

Nilikuwa ninakwenda kuwaona wazee.

Sababu yake iko Tanga, katika nyumba yetu ya Chumbageni. Bibi yangu, mzaa mama, alilala kitandani miezi mitano kabla ya kufariki. Tulikuwa watu saba katika nyumba ile, na hakuna aliyemchoka. Alilishwa uji wa mchele wenye nazi, alichomewa ubani kila jioni, alisomewa Yasini. Majirani walipokuja walisema, "Mmebahatika nyinyi, mnamtunza mzee wenu nyumbani, hamkumpeleka kwa watu." Nasi tuliyapokea maneno hayo kama hidaya. Siku tulipomwosha ndipo nilipoona kidonda kilichokuwa chini ya kiuno chake. Kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu, na kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Tulimgusa kila siku, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe, mchana na usiku, kwa saa. Tulimpenda, na tukamwacha alale upande mmoja.

Tangu siku ile, kila ninaposikia watu wakisema kwamba nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi mzee hatumtupi, moyo wangu unakwenda kwenye kidonda kile. Ndiyo maana rafiki yangu anayeishi Natete aliponiambia kwamba jirani na kwake, pale Nalukolongo, kuna nyumba ya masista wanaotunza wazee na wasiojiweza tangu zamani, nilifunga mzigo.

Nalukolongo iko bondeni, upande ule ambao barabara ya Masaka inaingilia mjini. Juu yake umesimama mlima wa Rubaga na kanisa lake kuu. Huku chini kuna karakana za reli, na upepo ukivuma kutoka Ndeeba unaleta harufu ya mbao zinazopasuliwa. Nyumba yenyewe inaitwa Mapeera Bakateyamba, na majina hayo mawili yana habari zake. Mapeera ni padri Simeon Lourdel, Mfaransa aliyefika Buganda mwaka 1879. Waganda walisikia wenzake wakimwita baba kwa Kifaransa, wakalifinyanga neno hilo mpaka likawa lao. Bakateyamba ni wale wasioweza kujisaidia. Aliyeianzisha nyumba hii ni Emmanuel Nsubuga, Mganda wa kwanza kuwa kadinali, mwaka 1978. Fikiria mwaka huo. Amin yuko madarakani, watu wanachukuliwa usiku, bidhaa hazipo madukani, na mtu mmoja anakaa chini kufikiri ni nani atakayemwosha mlemavu asiye na ndugu. Masista wa Msamaria Mwema ndio waliokabidhiwa kazi hiyo, na ndio walio nayo hadi leo. Tarehe 28 Novemba 2015 Papa Francis aliwatembelea hapo, na jina la kitongoji hiki likasikika duniani kwa siku moja.

Mimi nilifika asubuhi ya kawaida, mvua imekwisha kunyesha, nguo zimeanikwa kwa haraka kabla haijarudi. Nilikuta msichana wa kazi, hajafika miaka 25, amepiga magoti juu ya sakafu ya saruji mbele ya bibi mmoja aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu.

"Wasuze otya, jjajja?"

Jjajja ni bibi, na ni babu pia, Kiganda hakiwatenganishi. Salamu ya Waganda haina haraka. Umelalaje, nimelala vizuri, nawe je, nami vizuri, mm, mm, na kila "mm" inateremka chini kidogo kuliko iliyotangulia mpaka watu wawili wametulia pamoja. Kwetu shikamoo ni neno moja na marahaba ni neno moja, kisha mtu ameshapita. Nilidhani ninatazama adabu tu, mpaka nilipoangalia mikono ya yule msichana. Wakati midomo ikisalimia, mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mguu wa bibi, ukibonyeza polepole kuona kama umevimba. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya bibi, kama imekauka. Aliponyanyuka, alikwenda moja kwa moja kuleta maji ya kunywa.

Nilimwuliza sista aliyenitembeza kama walimfundisha hivyo. Alisema kupiga magoti alikuja nako kutoka kwao; kubonyeza mguu alifundishwa hapa. Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu nirudi. Mila ilimpa mahali pa kukaa, chini, usawa wa macho ya mzee. Mafunzo yalimpa la kufanya akiwa hapo. Sisi Chumbageni tulikuwa na la kwanza peke yake.

Mchana kililetwa chakula. Matoke yalikuwa yamepikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, yakapondwa mle mle ndani ya majani, na yalipofunguliwa mvuke wake ulijaza chumba kwa harufu ya shamba lililonyeshewa. Juu yake binyebwa, mchuzi mzito wa karanga. Mtu wa pwani akila matoke mara ya kwanza husema hayana chumvi. Akila mara ya tatu huanza kuyaelewa. Lakini nilichokuwa ninakitazama ni jinsi kilivyogawiwa. Sahani hazikufanana. Mmoja alipewa matoke laini kabisa, yaliyotiwa mchuzi mpaka yakawa kama uji, maana kinywa chake hakina meno. Mwingine alipewa kijiko chenye mpini ulioviringishiwa kitambaa ili vidole vyake vilivyokakamaa viweze kukishika mwenyewe. Alichukua muda mrefu, akamwaga kiasi, na hakuna aliyemnyang'anya kijiko ili amalize haraka. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikimlisha bibi yangu, nikijiona mwema, na jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono wake kuelekea kijiko nami nikiurudisha mkono ule chini ya shuka.

Baada ya chakula, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza aliniita.

"Mama, habari ya Tanga?"

Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani. Miaka mingi iliyopita alikuwa utingo, kisha dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na maneno yake yalikuwa na vumbi la njia ile: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Malaba. Alikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono na tasbihi mfukoni. Nyumba ni ya masista, lakini mlango wake haumwulizi mtu dini. Tulikaa mpaka vivuli vikarefuka.

Wageni wengi wa pwani hawaelewi kwa nini Kiswahili kinasitasita mdomoni mwa Mganda. Katiba yao ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini watu wa umri fulani wanakikumbuka kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na askari. Yule mzee alinieleza hivi: "Kiswahili kilikuja kwetu na bunduki. Cha Amin kilikuwa na bunduki. Kisha mkaja nyinyi, bakombozi, mkaja kwa miguu, mmechoka, na bunduki pia." Bakombozi ndivyo Waganda walivyowaita askari wetu, wakombozi. Akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyekuja nacho mikono mitupu."

Nilimwuliza anakosa nini pale. Nilitarajia aseme dawa, au nyama. Alifikiri. Alisema anakula, analala pakavu, nguo zake zinafuliwa, akiugua anaangaliwa. "Ninachokosa ni mtu wa kunibishia kwa Kiswahili. Wageni wanakuja, wanatuhurumia, wanaondoka. Hakuna anayekaa akaniambia, mzee, hapo umekosea."

Basi nikambishia. Alisema wali wa Mombasa ni mtamu kuliko wa Tanga. Nikamwambia, mzee, hapo umekosea. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

Usiku ule, kwa rafiki yangu Natete, mvua ikipiga mabati, nilikaa nikiwaza kuhusu neno viwango. Wizara zetu hulisema kana kwamba ni idadi ya vitanda na vyoo. Vitanda na vyoo ni muhimu mno, wala sivibezi. Lakini mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipopitisha kanuni zake kuhusu wazee, mambo uliyoyataja ni makubwa kuliko majengo: mzee ajitegemee kadiri awezavyo, ashiriki, atunzwe, ajiendeleze, aheshimiwe, na anayeishi katika makazi ya kutunzwa abaki na imani yake, faragha yake na sauti katika maamuzi yanayomhusu. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ina ibara nzima juu ya makazi hayo. Inasema kuishi humo kuwe kwa hiari na kwa gharama inayobebeka, huduma zifikie viwango vya chini vilivyowekwa na taifa, na anayekaribia mwisho wake apewe dawa za kumtuliza maumivu. Kijiko kile chenye mpini wa kitambaa kimo ndani ya maneno hayo. Na mtu wa kubishana naye kwa lugha yako, naye yumo.

Fedha ndizo hazimo. Serikali ya Uganda inawapa wazee waliofikisha miaka 80 shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, mpango ulioanza kwa wilaya chache ukafika nchi nzima mwaka 2020. Ni jambo jema, na mkungu mmoja mkubwa wa matoke unaweza kuzimaliza karibu zote. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania, na ina makazi yake ya wazee ya Sebleni na Welezo. Bara tuna yetu, Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga. Nyumba hizi ni chache, na hazitatosha hata zikiongezwa mara kumi. Wazee wetu walio wengi wanazeekea na watafia majumbani, mikononi mwa watu kama mimi. Kwa hiyo swali lililonipeleka Nalukolongo lilibadilika nikiwa huko. Nilikwenda kuuliza kama nyumba za wazee zinafaa. Nikabaki na jingine: nyumba zetu sisi zinafikia viwango vya nani?

Jibu nililipata Makindye.

Makindye ni mlima mwingine wa Kampala, ule ambao ukigeuka unaliona Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Kiganda, limelala kama bati jipya. Hapo ndipo ilipo Hospice Africa Uganda, taasisi ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, Mwingereza wa Liverpool. Alikuwa na wazo moja alilolishikilia: kwamba mtu maskini mwenye saratani asife akipiga kelele. Yeye na wenzake walichukua unga wa mofini, wakauchanganya na maji safi, ikawa dawa ya kunywa ambayo mgonjwa anaweza kukaa nayo nyumbani ndani ya chupa. Mwaka 2004 Uganda ikafanya jambo la ujasiri: ikaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo waiandike dawa hiyo wenyewe, kwa sababu kijijini muuguzi yupo na daktari hayupo.

Muuguzi mmoja wa huduma za namna hiyo, mtu anayefahamiana na rafiki yangu, alikubali nimfuate katika mizunguko yake ya siku moja. Tulishuka kwa bodaboda mpaka kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mkaa. Ndani alilala mama aliyepooza upande mmoja, na bintiye alikuwa akimtunza. Chumba kilikuwa kidogo kuliko jiko letu la Chumbageni. Sakafu imefagiliwa, dirisha limefunguliwa. Juu ya kitanda ilining'inia saa ya ukutani ya bei rahisi, na chini yake karatasi ya daftari imebandikwa kwa gundi: saa mbili kushoto, saa nne kulia, saa sita mgongo. Kando ya kila mstari kulikuwa na alama ya kalamu.

Tulipokuwa tukisalimiana binti alitazama juu, akasema samahani, akamwendea mama yake. Alimkunja goti, akamshika bega na nyonga, akamvuta kwake mara moja, taratibu, mwili wote kwa pamoja. Akaweka mto mgongoni, na mwingine mwembamba katikati ya magoti ili mfupa usilalie mfupa. Akapitisha kiganja chini ya shuka kuondoa mikunjo. Akaangalia kisigino, kiwiko, kiuno. Akatia alama kwenye karatasi. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha kikombe cha chai. Muuguzi alifunua shuka akanionyesha kiuno cha yule mama, baada ya kumwomba ruhusa naye akakubali kwa macho. Mwaka wa pili kitandani. Ngozi yake ilikuwa nzima.

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na magunia ya mkaa nikalia, na yule binti akanifuata akanipa maji.

Nilipoweza kusema nilimwuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuunga, ni nani aliyemfundisha kwanza. Alisema muuguzi alimsahihisha, lakini aliyeanza ni dada yake. Dada yuko London, amekwenda kwenye kyeyo. Neno hilo kwa Kiganda ni ufagio, na ndilo jina la kazi zote za ughaibuni. Kazi ya dada ni katika nyumba ya wazee. Kila siku anawageuza bibi na babu wa watu wengine kwa ratiba, na akikosea anaulizwa. Mama yake alipoanguka hakuweza kurudi. Akampigia mdogo wake simu ya video, akamwambia weka simu juu ya kabati, shika bega, shika nyonga, sasa vuta. Ratiba ile iliyobandikwa ukutani aliituma yeye.

Kwa siku kadhaa jambo hili lilinitesa. Mabinti zetu wanakwenda Uingereza na Ghuba kuwatunza wazee ambao si wao, na wazee wao wanabaki na nani? Lakini yule binti wa Makindye hakulisema kwa uchungu. Alilisema kwa fahari. Alisema, "Dada anamgeuza mama kutoka London." Nilipoondoka aliniandikia ratiba ile kwenye ukurasa wa daftari langu, kwa mwandiko mkubwa.

Sitaki kuirembesha Kampala. Kuna wazee nimewaona kwenye ngazi za maduka karibu na Old Taxi Park wakinyoosha mikono, mvua ikiwanyeshea, na umati ukiwapita kama ninavyowapita wa kwetu barabara ya kumi na mbili. Na masista wa Nalukolongo wanategemea sadaka: sukari, sabuni, mchele anaoushusha mtu mwema getini. Utunzaji unaosubiri huruma ya Krismasi utafika Februari umechoka. Taifa linalotaka viwango halina budi kuvilipia. Lakini lile tunaloliita desturi yetu, la kutomtupa mzee, nalo lina deni lake. Tumelifanya kuwa suala la mahali, awe nyumbani au asiwe nyumbani, na tukishamweka chumba cha uani tunaona tumemaliza. Bibi yangu hakutupwa. Alikuwa nyumbani kwake, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu.

Siku ya kurudi, mzee wa Nalukolongo nilimwaga mapema asubuhi. Alikuwa ameshajiandaa: alisema amelifikiria lile suala la wali usiku kucha na bado Mombasa ni mbele. Nikamwambia nitarudi tulimalize. Basi likapita Mpambire, Kayabwe, Lukaya. Safari hii nilinunua senene mwenyewe, nikamgawia aliyekaa kando yangu bila kumwuliza.

Sasa hivi Chumbageni tunaye mama yangu mkubwa. Miguu imemwisha nguvu tangu mwezi wa Ramadhani, na anashinda kitandani. Wiki niliyorudi nilikwenda sokoni Ngamiani nikanunua saa ya ukutani, nikagongea msumari juu ya kitanda chake, na chini yake nikabandika karatasi. Alinitazama muda wote bila kusema. Nilipoteremka kwenye kigoda akaniuliza:

"Saa ya nini, mwanangu, kwa mtu asiyekwenda popote?"

"Si yako, mama mkubwa," nikamwambia. "Ni yetu." Nikamshika bega, nikamshika nyonga.